Busta ya Wajane Wawili

Mdogo wangu Nasuru ana tabia moja: akikuambia jambo ni rahisi, jitayarishe kuteseka. Alikuja kutoka Koboko siku ya Jumatatu, akapitia madukani hapa mjini Arua, akaingia kwangu na kiboksi mkononi. Hata salamu hajazimaliza, akaanza.

"Dada, hii kitu iko rahisi sana. Iko na batani moja tu."

Nilikuwa nimeketi mkekani na nguo zangu za eda, nasuka tabaga, ule mfuniko wa rangi ambao sisi Wanubi tunafunikia chakula. Mjane mikono yake ikikosa kazi, mawazo yatammaliza.

"Batani ya nini?" nikamuuliza.

"Ya busta. Inavuta waifai kwa ruta, inaleta mpaka hapa kwa kitanda yako. Siku ya Ijumaa Jamilah anaona wewe, wewe unaona yeye. Kwisha."

Jamilah ni mwanangu, wa kwanza na wa mwisho. Anafanya kazi za nyumbani kwa watu huko Uarabuni, na tajiri wake humwachia simu Ijumaa baada ya alasiri. Baba yake alipougua, mwenyewe alituamuru sote tumwambie mtoto kwamba anaendelea vizuri. Tukasema hivyo, anaendelea vizuri, anaendelea vizuri, mpaka siku tuliyompigia kumwambia amezikwa. Tangu hapo Jamilah haamini sauti ya mtu. Nikimwambia mimi mzima, ananijibu, "Mama, hata Baba alikuwa mzima." Anataka sura. Alisema asiponiona kwa macho ataacha kazi na kurudi kwa njia yoyote atakayoipata, na pasi yake ya kusafiria imefungiwa kabatini kwa tajiri. Nimesikia habari za wasichana waliotoka kwenye nyumba zile bila pasi. Hiyo ndiyo hofu niliyolala nayo na kuamka nayo.

Zamani nilikuwa nasimama getini, pale mtandao wa simu ulipo mzuri, tunaonana. Ndani ya nyumba sauti inapita lakini picha inakwama. Sasa mjane aliye edani hasimami getini kuonekana na kila mwenye pikipiki. Miezi minne na siku kumi, ndani.

Waifai ipo, tena katika nyumba hiihii. Nyumba yetu ni moja ndefu, ya matofali ya kuchoma, upande wa kwenda Pajulu. Mimi nakaa mwisho wa huku. Mwisho wa kule anakaa mke mwenzangu, Medina. Katikati ni chumba cha marehemu mume wetu, Lukumani, chenye mlango wake wa uani. Ruta iko kwa Medina. Lukumani aliniapia kwamba iliwekwa kule kwa sababu nguzo ya waya iko upande ule. Nguzo! Kana kwamba nguzo ndiyo iliyooa.

Medina alizaliwa kwa jina la Mireille huko Ariwara, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, akaja hapa na vitenge vya kuuza, akasilimu, akabaki. Sikugombana naye hata siku moja. Ugomvi una kelele, sisi hatukuwa na hata hizo. Ilikuwa salaam na jibu la salaam, basi, miaka nenda miaka rudi. Wale kina mama waliotuweka eda walisema kila mmoja akae kwake, nami nikashukuru. Hata wangeniruhusu, nisingeenda kuketi kwenye mkeka wa mke mwenza kuomba sura ya mtoto niliyemzaa mwenyewe.

Basi Nasuru akaichomeka busta ukutani karibu na kitanda changu. Ni kitu kidogo cheupe, hakizidi kipande cha sabuni, kina taa mbele na kitufe ubavuni.

"Sasa," akasema, "mtu anabonyeza batani kwa ruta, mwingine anabonyeza hapa. Iko dakika mbili tu. Zikipita, ruta na busta hazijuani tena."

"Nenda basi ukabonyeze kwa ruta."

Akanitazama. Hapo ndipo sote wawili tulipokumbuka. Kwangu anaingia, mimi ni dada yake wa tumbo moja. Kwa Medina haingii. Ni mjane wa watu, yuko edani, na Nasuru si ndugu yake wala mwanawe. Hata fundi wa ruta mwenyewe angerudishwa kutoka mlangoni.

Kwa bahati jirani yangu Shakirah alikuwa ameleta chakula. Nasuru akamfundisha jinsi kitufe kilivyo, nyuma ya ruta, cha kijani. "Mimi nabonyeza hii sasa, mama. Wewe kimbia!"

Shakirah akakimbia kweli. Alikimbia mpaka mlangoni kwa Medina, halafu akavua viatu. Nasuru alikuwa dirishani akinisimulia. Shakirah ametoa salaam. Shakirah ameketi kizingitini. Ameinua mikono, anasoma Fatiha. Sasa anamuuliza Medina usiku ameulalaje. Sasa analia kidogo, maana Shakirah msibani asipolia huona hajafika. Taa ya busta ikapepesa, ikapepesa, ikachoka. Ndipo tukasikia sauti kutoka kule mwisho, "Nimegusa!"

Nasuru akajipiga paji la uso. Akamwomba Shakirah arudie, safari hii bila dua. Shakirah akakataa katakata.

"Naingia kwa mjane kama mtu alikuja kuchukua mwiko? Hapana. Tafuta mwingine."

Nasuru akawahi gari la kurudi Koboko, akaniachia kitu changu cheupe kimezima taa. Siku ya pili akanipigia. Alikuwa ameisoma ile karatasi ya kwenye boksi, na sauti yake ilikuwa ya upole, kwa hiyo nikajua amekosea.

"Dada, mimi nilikosea. Hii kitu haitaki kukaa kwako. Kwako ruta haifiki, sasa busta itavuta nini? Inataka kukaa katikati."

"Katikati wapi?"

Katikati ni chumba cha Lukumani. Ufunguo ulikuwa chini ya mto wangu, na sikuwa nimeufungua mlango ule tangu alipotolewa kwenda kuzikwa.

"Lakini umeme ikikatika," Nasuru akaongeza haraka, kama mtu anayetaka kukata simu, "mnabonyeza tena. Ninyi wawili."

Ijumaa, baada ya swala ya adhuhuri, nikafungua. Harufu yake ilikuwa ingali mle ndani, ile ya mafuta ya karafuu aliyokuwa akipaka magotini. Kofia yake kwenye msumari. Kiti chake, kile chenye mguu mmoja uliofungwa waya, ambacho nilimwambia mara ngapi akitupe. Nililia pale mlangoni mpaka nikaona haya, kisha nikaingia, nikaichomoa redio yake ukutani na mahali pake nikaweka busta.

Sasa nani wa kubonyeza kule? Shakirah hayupo, na angekuwepo angesoma Fatiha. Kulikuwa na ukuta tu, na nyuma ya ukuta yule mwanamke. Katika miaka yote ile sikuwahi kumwita kwa jina lake. Nikimhitaji nilikuwa namwambia Lukumani, Lukumani anamwambia. Na sauti ya mjane inatakiwa iwe chini. Lakini nikamfikiria Jamilah akitoka usiku kwenye nyumba ya tajiri bila pasi.

"Medina!"

Kimya.

"Medina! Nyuma ya ruta iko batani ya kijani. Bonyeza!"

Kimya tena, mpaka nikaanza kumtukana moyoni. Halafu ukuta ukajibu, "Nishafinya, Mama Jamilah!"

Sisi tunasema kubonyeza. Wakongomani wao wanafinya, kana kwamba ruta ni mtoto mtundu. Lakini sikuwa na nafasi ya kumcheka. Nikabonyeza ya kwangu. Taa ikapepesa nyekundu, ikapepesa, ikafikiri, ikawa kijani, na haikuzima.

"Imeshika?" ukuta ukauliza.

"Imeshika."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo marefu kuliko yote tuliyowahi kuzungumza.

Simu yangu ilikuwa na neno la siri la waifai, Lukumani aliniwekea zamani. Jamilah alipopiga nilikuwa kwenye kile kiti kibovu. Sura yake ikaja nzima, macho yamevimba, na yeye akaniona.

"Mama, umekonda."

"Nimekonda kwa upishi wa Shakirah. Chumvi anaiogopa kama nyoka."

Akacheka, akalia, akacheka. Akaomba aonyeshwe chumba. Nikaizungusha simu polepole: kofia, kitanda, viatu vyake chini vikiwa vimepangwa. Alitazama viatu muda mrefu.

"Kweli hayuko," akasema.

"Hayuko, mwanangu."

Kuhusu kuacha kazi hakusema tena neno. Alisema tu, "Ijumaa ijayo nikuone tena." Hofu yangu ikashuka, na simu ilipokatika nikasikia kitu kutoka upande wa pili wa ukuta. Medina alikuwa akilia. Kwa Lukumani hakupata mtoto, na hakuwa na mtu wa kumpigia Ijumaa. Nilimsikia wazi, nami nikakaa pale pale kitini mpaka aliponyamaza.

Wiki ile umeme ulikatika na kurudi mara nyingi, kama kawaida yake. Ijumaa iliyofuata nikafungua chumba nikabonyeze upya kama Nasuru alivyosema. Nikakuta taa ya busta ni kijani. Imewaka yenyewe. Nikashika simu, waifai imejaa mpaka juu.

Nilipaswa kuketi tu na kumngoja mtoto. Nilisimama nikiitazama ile taa, halafu nikaita, "Medina! Bonyeza!"

"Nishafinya, Mama Jamilah!"

Nikasubiri kidogo, kama mtu anayefanya kazi, mpaka ukuta ukauliza.

"Imeshika?"

"Imeshika."

Mtu ataniuliza kwa nini. Kwa sababu arobaini ilikwisha pita, masufuria ya msiba yamerudishwa kwa wenyewe, na ndugu wa Lukumani wamerudi Logiri kwenye mihogo yao. Mlango wangu ulikuwa unashinda mchana kutwa bila hodi. Nilikuwa mpweke, basi. Tangu asubuhi hakuna mdomo uliokuwa umeniita Mama Jamilah, na kule nyuma ya ukuta kulikuwa na mdomo mmoja uliojua kuniita.

Ikawa desturi yetu. Kila Ijumaa naita, anafinya, anauliza, najibu. Baadaye akaanza kuongeza, "Salimu mtoto." Siku nyingine akauliza kama mtoto anakula vizuri huko. Siku moja Jamilah alikuwa amewahi kupiga, akamsikia.

"Nani huyo anaongea kwa ukuta?"

"Mama yako mdogo."

"Mbona iko kwa ukuta? Mwambie aje."

Nikamwita. Alikawia, halafu akasimama mlangoni na nguo zake za eda, sawa na zangu, uso umepungua sawa na wangu. Lukumani alikuwa mtu wa zamu. Hakuwahi kutuweka wawili katika chumba kile kwa wakati mmoja, aliogopa hewa haitatosha. Medina akasalimiana na Jamilah, kisha akaitoa kofia kwenye msumari, akaipangusa vumbi kwa kiganja, akairudisha. Nilikuwa nimepita mbele ya kofia ile Ijumaa zote na sikuthubutu kuigusa.

Simu ilipokatika hakuondoka. Aliketi ukingoni mwa kitanda. Nikatafuta neno la kusema, nikaokota la kwanza lililokuwa karibu.

"Na kwako alikuwa anakoroma?"

Akanitazama kama mtu asiyeamini masikio yake. "Ee, Mama Jamilah! Mubaya sana! Mimi nilikuwa naziba masikio na kitenge."

"Kwangu alikuwa anakataa. Anasema ni paka."

"Na kwangu pia alisema ni paka!"

Tukacheka mikono midomoni, wajane wawili ndani ya chumba cha marehemu wao, tukiogopa Shakirah asitusikie. Tangu siku ile, baada ya simu anaketi. Mimi nasuka tabaga, yeye ananichambulia nyuzi. Lakini kila Ijumaa, kabla hajaja, alianza kwanza kule kwake, na mimi huku. Bonyeza. Nishafinya. Imeshika? Imeshika.

Eda ikaisha. Kina mama wakaja, wakatuogesha, wakatuvisha nguo mpya, wakatupaka manukato. Niliingoja siku ile kwa hamu, na ilipofika niliichukia. Kaka yake Medina, Anicet, alikuwa uani na gari kutoka Ariwara. Kwao wanamtaka, duka la vitenge linamngoja, na hapa hana mtoto wa kumshika nguo abaki. Mimi nilimwambia nini? Nilimwambia asisahau ndoo yake.

Ilikuwa Ijumaa. Nasuru alikuwa amekuja kutoka Koboko kushuhudia nikitoka eda. Saa ya Jamilah ilipokaribia nikaingia chumbani, naye akanifuata, nami bila kufikiri nikaita, "Medina! Bonyeza!"

"Nishafinya!"

"Dada, ya nini?" Nasuru akasema. "Si imeshika? Taa si hii? Hii kitu ikibonyezwa mara moja inakumbuka yenyewe. Siku ile mimi nilisema vibaya." Akaanza kucheka. "Miezi yote hii mnabonyeza bure?"

Medina alikuwa amefika mlangoni na mkoba wake begani. Nilitamani kumpiga Nasuru kwa ufagio.

Jamilah alipiga, akaagana na mama yake mdogo, wakalia wote. Nilimsindikiza Medina mpaka kwenye gari, na getini nilisimama waziwazi, maana sasa ruhusa ninayo. Akanishika mikono yote miwili.

"Ruta nimeacha," akasema. "Isitolewe pale. Mtoto atapitia wapi?"

"Sawa."

"Mama Jamilah, hata ruta iko na taa. Mimi nilijua tangu Ijumaa ya pili nafinya bure."

Nilikuwa na la kumjibu. Lilikuwa fupi, maneno mawili tu: mimi pia. Lakini kinywa changu kimezoea njia zake. "Nenda," nikamwambia, "Anicet anangoja." Akaenda.

Wiki iliyofuata nyumba ilikuwa ndefu kuliko nilivyoijua. Nilifagia upande wangu, nikafagia na wake. Nilipika chakula cha watu wawili na kukitupia kuku. Nilikuwa huru kwenda sokoni, kwenda Koboko, kusimama getini mpaka miguu ivimbe, na sikwenda popote. Mtu anisikie vizuri: mume nilimlilia, lakini sikujua kwamba mke mwenza naye hulilikana.

Ijumaa, baada ya alasiri, nikafungua chumba. Kofia kwenye msumari, imeanza vumbi. Taa ya busta kijani, imejaa, haihitaji mtu. Nikafungua kinywa, jina likafika kwenye meno, nikalimeza. Nikaketi. Ukuta ulikuwa ukuta.

Simu ikalia. Nikaishika upesi, nikidhani Jamilah amewahi. Haikuwa yeye. Picha haikuwepo, sauti tu, na nyuma ya sauti makelele ya soko la Ariwara.

"Mama Jamilah," ikasema, "nishafinya."

"Umefinya nini, wewe? Ruta iko huku."

"Sijue. Nimefinya tu."

Nikainuka, nikaenda ukutani, nikabonyeza. Taa ikapepesa kidogo, ikarudi kijani.

"Imeshika?" akauliza.

Nikamwambia imeshika. Nikamwambia na yale maneno mawili.